Kiraka cha Kamera ya Zuberi

Asubuhi moja ya mwaka wa hamsini na sita Aziza alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani kwake, hapa Kisangani, mvuvi wa Ubundu alipobisha hodi na kamera iliyonaswa na wavu wake. Nasimulia kama nilivyosikia kwa majirani zake, na hao si watu wa kuongeza chumvi.

Mumewe Zuberi, mpiga picha, alipanda treni kwenda Ubundu, akapotelea mtoni huko. Maiti haikuonekana. Nassoro, kaka mkubwa wa Zuberi, akakataa matanga: bila kitu kilichotoka mkononi mwa ndugu yake, Aziza hakai eda. Basi mwanamke akabaki si mke, si mjane. Mwanzoni alilia. Baadaye moyo ukafa ganzi, akawa anatwanga tu.

Walikuwa na picha moja ya zamani, Zuberi akiwa na kamera yake usoni. Fundi Wenceslas wa studio akaiweka mezani, na kamera ya mtoni pembeni yake, lenzi ikiwatazama Aziza na Nassoro.

"Leica ya zamani, ya mbele ya vita," alisema. "Macho mbili ya kupima umbali, iko. Kiraka ya ngozi, iko."

"Hapana," Nassoro akadakia, kidole kikienda kushoto kwa picha, kisha kulia kwa kamera. "Ku foto kiraka iko gauche. Huku iko droite. Donc, haiko yake."

Aziza hakuinua hata uso. "Papa Nassoro, foto ile alijipiga mu kioo. Miye mwenyewe nilisimamisha kioo. Kioo inageuza vitu."

Nassoro aliisukuma picha kando. "Bon," akanong'ona. "Alors, vaa nyeupe ya eda."

Kabla ya kuondoka, Wenceslas alimwonyesha Aziza tundu la kupimia. Ukichungulia, kitu kimoja unakiona viwili. Unazungusha pete ya lenzi mpaka viwili viwe kimoja, na pete inakuambia kiko mita ngapi. Kisha akairudisha kwenye alama ya mbali kabisa, ile nane iliyolala. Pale pete hujifunga kwa kitufe, haitoki mpaka mtu abonyeze.

Aziza akaanza eda. Alivaa nyeupe, akakaa ndani. Mwanamume asiye maharimu haingii nyumba ya eda, na hakuna aliyeingia. Kamera aliizungushia liputa, kitambaa chake cha kujifunga, akaiweka kwenye rafu, inatazama mlango.

Asubuhi moja alipoifunua ili afute vumbi, pete ilikuwa kwenye saba. Kutoka rafuni hadi mlangoni ni kama mita saba. Akairudisha kwenye nane iliyolala, ikajifunga. Akaendelea na kazi zake.

Siku nyingine akaikuta kwenye tatu. Mita tatu ni mezani. Alichungulia. Mlango ulikuwa miwili. Meza ilikuwa moja, safi kabisa, na nyuma ya meza hapakuwa na mtu. Mtu mwingine angepiga kelele. Yeye alitafuta hofu kifuani mwake, hakuipata. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kwake mshindo haukuja.

Hakumwambia mtu. Pete hakuigusa tena.

Ikafika mbili.

Ikafika moja. Lenzi haiendi karibu zaidi ya hapo. Mchana ule alihamishia kamera sakafuni, akaketi juu ya mkeka mbele yake, mgongo kwa kile kioo cha zamani. Nyumba ikanuka maji ya mto. Mkeka ukalowa karibu na goti lake.

"Zuberi," alinong'ona. "Niko hapa."

Ka! Kamera ikalia.

Basi. Harufu ikaondoka.

Eda ilipokwisha alimpelekea Wenceslas kamera. Filamu ilikuwa imeliwa na maji, yote, isipokuwa picha ya mwisho. Wenceslas aliisafisha, akaileta mwenyewe. Aziza amekaa mkekani na nguo zake nyeupe, amepigwa kwa karibu, kila uzi unaonekana. Nyuma yake ni kile kioo cha siku zote. Ndani ya kioo, pale ambapo mpiga picha angeonekana, ipo kamera iliyoinuliwa kimo cha uso wa mtu. Hakuna mkono ulioishika. Kiraka kiko kushoto, kama kwenye picha ile ya zamani.

Aziza aliitazama sana. Ndipo ganzi ilipomtoka, na machozi yakaja yote kwa pamoja.

"Iko yake," alisema.