Matonge Saba ya Babu Pilgu

Mdogo wangu Sunrye alinisimulia haya majira ya baridi yaliyopita, siku aliyoniletea ndoo yangu ya kimchi, kabichi chachu ya pilipili.

Kila Novemba, nyumbani kwao Goesan, kazi huwa moja tu. Kabichi mia moja zilizolala kwenye maji ya chumvi hupakwa pilipili na vitunguu saumu, zikajazwa mitungini ziliwe baridi yote. Mwaka huo Sunrye alikuwa akipaka. Mjukuu wake Eunsol, msichana wa miaka kumi na mmoja, alivaa glavu za mpira zilizomfika viwikoni, akapaka naye. Jikoni nyama ya nguruwe ilikuwa inatokota.

Siku hiyo hakuna anayekaa mezani. Anayepaka huchuma jani, hufungia kipande cha nyama, akamtia mwenzake mdomoni. Nani atahesabu?

Mume wa Sunrye, Babu Pilgu, alikuwa amekatazwa na daktari pilipili na mafuta, maana asidi ya tumbo humpanda kifuani. Basi akamzunguka Eunsol kwa nyuma.

"Mjukuu wangu, nionjeshe, nijue kama chumvi imekolea."

"Babu, bibi ataniua!"

"Kwani ana macho kisogoni? Lete. Na usimwambie."

Tonge moja likawa mawili, yakafika saba. Kisha babu akaenda kujilaza chali, pale sakafu, inayopashwa moto kwa chini, inapopata joto zaidi.

Haikupita nusu saa, akaanza kuguna, mkono kifuani. "Kunaungua! Mpaka kooni!"

Sunrye alitupa glavu. "Umekula nini, mzee?"

"Uji tu. Ule wa asubuhi."

Sunrye aliingiwa na hofu, kwa kuwa kaka wa Pilgu alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Alijipa matumaini kwamba labda chakula kimekwama, akamfunga babu uzi kwenye kidole gumba, akashika sindano ya kumtoa damu, kama tulivyofanyiwa sote utotoni tumbo likikwama. Na mzee alivyo mkaidi, akanyoosha kidole mwenyewe! Alikuwa radhi kuchomwa kuliko kusema.

Eunsol akashindwa kuvumilia. "Bibi, si uji! Nimemlisha mimi. Kimchi na nyama, matonge saba!"

"Msaliti wewe," babu akaguna.

Sunrye aliweka sindano chini, akampigia simu muuguzi wa zahanati.

"Maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya?" muuguzi akauliza. "Anatoka jasho? Pumzi inambana?"

"Hapana."

"Basi yaelekea ni asidi yake. Yakianza hayo, hospitali mara moja. Kwa sasa mketishe, mlegezee mkanda, mpe dawa yake ya maji kama alivyoandikiwa. Maji anywe kidogo kidogo, soda hapana. Asilale mpaka saa tatu zipite, na akilala, ainue mabega, alalie ubavu wa kushoto."

Wakamketisha ukutani. Kufika jioni moto kifuani ulikuwa umepoa, na mzee ameanza kulalamika kwamba mgongo unamuuma kwa kukaa. Sunrye akacheka mpaka akafuta machozi.

"Eunsol," akasema, "mgonjwa akikuambia usiseme alichokula, hapo ndipo useme. Ungenyamaza, ningekuwa natoboa kidole huku sijui anaumwa nini. Na wewe mzee, unamfundisha mtoto kuficha?"

"Nimekosa, mama," babu akajibu taratibu.

Wakamwekea mablanketi yaliyokunjwa chini ya mabega, akageukia kushoto. Eunsol alikataa kwenda kitandani mpaka asikie babu anakoroma. Alipokoroma, naye akasinzia palepale, soksi miguuni. Sunrye akamfunika, akazima taa, akajinyoosha kando yao, akalala.