Bafu Lina Mwenyewe

Kipande cha bomba la moshi kilichoegemezwa ukutani mwa karakana kilikuwa cha moto. Fundi alikigusa alipokuwa akitafuta spana, akaurudisha mkono upesi. Jua halikifikii pale, na hakuna aliyewasha kitu tangu asubuhi. Akajiambia ni uzee, akaendelea na kazi, maana mtu aliyezoea kujidanganya hahitaji sababu kubwa.

Mtaani walimwita Motomoto, kwa kuwa hita za gesi za maji ya kuogea karibu zote alizifunga yeye. Na kazi aliijua, tusimwonee. Alijua kwamba hita ikiwaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na kwamba lazima bomba lake la moshi litokeze nje ya nyumba. Lakini kwa mama mjane wa mtaa wa pili ukuta ulimvunjia keekee ya kutobolea, na jioni ilikuwa inaingia. Basi akalichomeka bomba kwenye tundu la dari, likaishia humo humo juu ya mbao, akarudi karakanani na kipande hiki kilichobaki. Funika kombe mwanaharamu apite. Alisema atarudi kesho kutoboa ukuta, na kesho hiyo haikufika.

Miezi miwili baadaye binti mkubwa wa mjane alikutwa bafuni amekufa, maji yakimtiririkia. Motomoto aliitwa akague hita. Akainua macho darini, akaliona kosa lake, kisha akamgeukia yule mama na kusema kwa upole, "Mama, hita ni nzima. Ila bafu hili lina mwenyewe."

Watu wakaelewa, bafu likatiwa kufuli. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na jua halina mdomo. Jini linalo.

"Fundi," kile kipande cha bomba kikamwita pale karakanani.

Sauti ilitoka ndani kabisa, kavu, na nyuma yake harufu ya kutu na vumbi lililoungua. Motomoto akatazama mlangoni. Ilikuwa mchana kweupe, watu wanapita na shughuli zao.

"Nani?" akanong'ona.

"Mwenyewe. Si ulisema lina mwenyewe? Miaka yote nimekaa zangu kwenye tangi lao, sijamgusa mtu hata kwa ukucha. Leo watoto wakisikia habari zangu wanajikojolea. Umenibebesha maiti isiyo yangu."

"Nitakufukizia ubani."

"Kafukizie dari."

"Basi nitawaambia ukweli. Kesho nakwenda, naapa."

"Kesho yako naijua." Jini likacheka kidogo, na bomba likazidi moto. "Leo mganga amewaambia nimetoka. Wamefungua kufuli, lakini kila mmoja anaogopa kuoga wa kwanza. Isipokuwa msichana mmoja, rafiki wa mdogo wake marehemu. Wametoka mpirani, jasho linawatoka. Anawacheka wenzake, anasema hita hii kaifunga baba yangu, mimi siogopi. Sasa hivi anatafuta taulo."

Motomoto alikuwa na mtoto mmoja tu duniani.

"Usimuue," alisema.

"Mimi? Sijaua mtu, na leo pia sitaua. Nitakaa tu nikutazame."

Akatoka mbio bila viatu, akapita dukani, akapita kisimani, akimgonga huyu na kumsukuma yule bila kuomba radhi, na kila alipovuta pumzi ile harufu ya kutu ilikuwa imeshatangulia mbele yake, haichoki wala haiharakishi, hadi akaingia sebuleni kwa mjane na kusikia, nyuma ya mlango uliokomewa kwa ndani, maji yanamwagika na mwanawe anaimba.

"Mtoeni!" alipiga kelele. "Hakuna jini humu. Ni bomba. Nililichomeka darini, mimi mwenyewe, nikawadanganya. Marehemu nilimuua mimi. Vunjeni mlango!"

Waliokuwa sebuleni wakarudi nyuma. Mganga peke yake ndiye aliyesogea, akamtazama macho yaliyomtoka, jasho, miguu mitupu.

"Limemwingia fundi wa watu," alisema polepole. "Jini lolote likibanwa, la kwanza husema si mimi. Mshikeni. Na mlango usiguswe, ndiko linakotaka kurudi."

Wanaume wanne wakamlaza sakafuni. Alipiga mateke, akauma, akaeleza habari ya ukuta, ya keekee, ya tundu la dari, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumkandamiza. Mjane akapiga magoti, akamfuta uso kwa upindo wa kanga yake.

"Pole, baba," alimwambia kwa huruma ya kweli. "Utapona. Sisi tunajua si wewe unayesema."

Bafuni wimbo ukapungua, ukawa kama wa mtu anayesinzia, ukakatika katikati ya neno. Kopo likaanguka. Kisha kikaanguka kitu kizito.

"Mmesikia?" mganga alisema. "Limetoka."

Watu wote sebuleni wakashusha pumzi.