Vidange za Kilio cha Nicolas

Kama uko unakula, maliza kwanza, unawe mikono, ndiyo usome. Mimi nina tumbo la chuma, Likasi nzima inanijua kwa hilo. Nilishakula panya wa mgodini nikaomba na chumvi. Lakini hii habari ya Mama Berthe, kila nikifika pale kwenye midomo ya chupa, mate yananijaa nami sijui niyateme wapi.

Berthe alikuwa mjane. Mume wake Nicolas, fundi wa umeme, alimtoa Kambove akamleta Likasi mwaka wa tisini na nne, wakati kiwanda cha shaba kilikuwa kimebaki milango inayogongwa na upepo na mishahara imekuwa hadithi. Wakapata nyumba ya vyumba viwili. Mwaka uliofuata homa ikamchukua Nicolas. Berthe akafungwa kitambaa cheusi kichwani, na kwa desturi ya ukoo wa mumewe kitambaa hicho hakitoki mpaka siku ya kumaliza kilio, siku ndugu wanapokunywa bia kwenye parcelle, kiwanja cha nyumba ya marehemu, na mkubwa wao anakivua kwa mkono wake.

Mkubwa wao alikuwa Octave, kaka ya Nicolas, mwanaume wa Kambove mwenye tumbo linalotangulia na heshima inayochelewa njiani. Alikuja Jumapili, akakaa kwenye kiti cha marehemu bila kukaribishwa, akasema kilio kitamalizwa Jumamosi. Bia ikiwepo, mjane yuko huru na nyumba ni yake. Bia ikikosekana, kilio kinaendelea, mjane bado ni wa ukoo, naye Octave atamrithi pamoja na mabati na kitanda. Alisema hivyo macho yake yakiwa kwenye kitanda.

Pesa ya bia Berthe alikuwa nayo. Aliuza baiskeli ya marehemu. Alichokosa ni vidange. Mgeni aelewe hapa: kwetu bia hainunuliwi kwa pesa peke yake. Unapeleka kreti ya chupa tupu, hizo ndizo vidange, depo inakupa kreti ya chupa zilizojaa. Huna vidange, huna bia, hata uje na gunia la noti. Ndiyo maana mwenye sherehe hukopa vidange kwa majirani, na kila jirani huweka alama yake ya makaa au uzi shingoni mwa chupa, maana kesho yake atakuja kuzidai kama anadai mtoto wake.

Théophile, jirani wa ng'ambo ya barabara, mwenye sauti ya kuita mbuzi toka Kakanda, akajitwika ile kazi. Alimwambia Berthe akae, avenue iko na watu. Akapita mlango kwa mlango akisukuma mkokoteni, na watu wakatoa. Walitoa mpaka inashangaza. Katika ule mwaka ambao jirani alikuwa anaficha sufuria ya bukari, ugali wetu, akisikia hodi, watu wale wale walitoa chupa toka chini ya vitanda, toka kwenye banda la kuku, toka nyuma ya kabati, zimefungwa kwenye magunia, zina vumbi la miaka.

Berthe akaleta kipande cha makaa ili kila mmoja aweke alama yake. Mama Suzanne, jirani wa ukuta kwa ukuta, akamshika mkono.

"Hapana weka alama, mama. Na usirudishe. Ni mchango."

Wote wakasema vile vile. Usirudishe. Berthe akalia, akasema hakujua kama Mungu aliwaweka malaika kwenye avenue moja. Malaika wakaangalia chini.

Sasa chupa zile zilikuwa na harufu. Siyo harufu ya bia iliyolala, hiyo mimi ningeivuta kwa furaha. Ilikuwa harufu ya kinywa. Kinywa cha mtu aliyeshinda juani bila maji, ulimi umeshikana na meno, pumzi imeoza. Berthe akazipanga uani, mchana kweupe, akaanza kuosha kwa sabuni na mchanga, na chini ya kila chupa akaona msalaba mdogo uliochimbwa kwa msumari. Zote. Za Suzanne, za Théophile, za nyumba ya mwisho kule bondeni. Akadhani ni alama ya kiwanda.

Aliosha, akapangusa, akageukia nyingine. Aliporudi kwa ile ya kwanza, mdomo wake ulikuwa umelowa. Akagusa. Siyo maji. Ilivutika kati ya kidole na kidole, nzito, ya uvuguvugu, na ndani yake punje za kahawia kama mabaki ya karanga iliyotafunwa. Akapangusa. Chupa ya pili ikalowa, ya tatu ikalowa, moja moja kwenye mstari, kama mtu anapita anaweka midomo, ananyonya, anakosa, anahamia inayofuata. Na sauti ikawepo, ndogo, pyuuu, ile sauti ya mtu anayefyonza tone la mwisho. Kuku mmoja akaja kudonoa yale mate chini. Akasimama, akafungua mdomo, hakuufunga tena mpaka alipoanguka, ulimi wake mkavu kama ganda la hindi.

Suzanne alikuwa amekuja na ndoo kumsaidia. Aliona kuku, akaona msalaba chini ya chupa, akaweka ndoo polepole.

"Berthe," akanong'ona, "peleka ku depo leo leo. Zitoke hapa."

Akarudi kwake, akafunga mlango.

Berthe alipeleka. Ungefanya nini weye, na Octave anangoja kitanda? Mtu wa depo akaziba pua kwa shati, akachukua zile chupa, akazisukuma ndani kabisa, akampa kreti zilizojaa toka kwenye rundo jingine, vifuniko vinang'aa. Berthe alitembea nyuma ya mkokoteni wa Théophile akiimba. Walipofika, wakati wa kushusha, chupa moja ikalala ubavu. Chini yake kulikuwa na msalaba wa msumari. Akainua nyingine. Msalaba. Akawaza chupa zile zimebaki depo, mwenyewe alizihesabu zikiingia, na sasa zimerudi nyumbani zimejaa, zimefungwa, zimemfuata. Akamwita Théophile aone. Théophile akasema tumbo linamuuma, akaondoka. Berthe akazipanga hivyo hivyo, maana vidange nyingine hakuwa nazo.

Jumamosi baada ya saa sita, ndugu wa Kambove wakajaa uani, majirani nao kwenye mabenchi, jua linachoma mabati. Chupa ya kwanza ni ya mkubwa. Octave akasimama, akamsifu marehemu kidogo na kujisifu sana, akang'oa kifuniko kwa meno. Haikutoa ile pssss tunayoipenda. Ilivuta pumzi.

Octave hakusikia, au kiu ilimzidi. Akaweka mdomo, akalaza kichwa nyuma, na wote waliona koo lake linapanda na kushuka, wakaona pia kile kilichoingia, maana kilikuwa kinatelemka taratibu kwenye shingo ya chupa, kinene kama mulembwe, ule mlenda wetu, uliolala, cha kijivu, na nywele nyeupe fupi za ndevu ndani yake. Naye alitaka kukitema, alitikisa kichwa, lakini chupa haikutoka, ilikuwa imeshika midomo yake kama mtoto anavyoshika ziwa, na sasa haikuwa yeye anayekunywa, ilikuwa chupa inayomnywa yeye, pyuuu, pyuuu, na mate yake yanapanda juu badala ya kushuka, na mashavu yake yanaingia ndani, na macho yanakauka mpaka kope zinagoma kufunga, na kwenye kreti, chupa zote ambazo hakuna aliyezigusa, vifuniko vikaanza kubonyea kwa ndani kimoja kimoja, tik, tik, na ile harufu ya kinywa ikatanda uani mpaka wamama wakatapika juu ya vitambaa vyao vya sikukuu.

Ndugu wawili wakavuta ile chupa. Midomo ya Octave ikavutika nayo kama mpira. Wakaachia.

Hapo ndipo Suzanne akapiga magoti mbele ya Berthe, sauti yake ndogo kama ya mtu anayeungama.

"Mama, hizi machupa ziko na mwenyewe. Ni za Baba Mukendi."

Na akasema yote. Mukendi alikuwa na buvette, kibanda cha kuuzia bia, kwenye avenue ile kabla Berthe hajafika. Hakuna harusi, hakuna kilio, hakuna ubatizo uliofanyika bila vidange zake; alikopesha kila mtu, hakukataa hata siku moja, sharti lake lilikuwa moja tu, zirudi zimeoshwa. Alama yake ilikuwa msalaba wa msumari. Kisha mwaka wa tisini na tatu ukaja, watu wa asili ya Kasai, jimbo la jirani, wakafukuzwa manyumbani, wakalundikana kwenye gare wakingoja treni ambayo ilikuja siku ikitaka. Mukendi alikuwa pale, mzee, juani, na kuhara kumemkamata.

"Alitutuma muntu," Suzanne akasema. "Aliomba chupa moya tu. Ya kutia mayi. Tulikuwa nazo ku chini ya vitanda, mama, zake mwenyewe. Tukasema zilishaka kwisha."

"Nani alisema?"

Suzanne akamtazama Théophile. Théophile alikuwa anaangalia viatu vyake. Mukendi alikufa kwenye quai, pale watu wanapongojea treni, midomo imepasuka.

Mimi nimetapika mara chache maishani, nyingi ni kwa sababu ya lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Yale mate ningeyavumilia. Ni hii ya chini ya vitanda inayonigeuza tumbo. Na ule ukarimu wote, usirudishe, ni mchango!

Berthe hakuwa na muda wa kuwachukia. Akamwendea Octave, akainama kwenye ile chupa, karibu kabisa na ile harufu, akasema nayo kama unavyosema na mzee mgonjwa.

"Baba Mukendi. Minye sikukujua. Vidange zako zitarudi leo, na zitakuwa na mayi. Achilia shemeki wangu."

Chupa ikaanguka. Octave akakaa chini, midomo imevimba, ulimi mweusi.

Wakamwaga ile bia kwenye mtaro, na sitaeleza rangi yake. Wakaosha kila chupa, wakaijaza bombani, na kila mmoja akabeba kwa mkono wake hadi gare, mstari mrefu wa watu, Octave mbele kwa sababu Berthe alimpa kreti nzito kuliko zote. Wakazipanga ukingoni mwa quai. Jua lilikuwa bado juu. Maji yakaanza kushuka ndani ya chupa, zote pamoja, polepole, pasipo mkono, na ile sauti haikuwa tena ya kukosa. Ilikuwa ya mtu anayekunywa mpaka ashibe. Mwishoni mtu asiyeonekana akacheua. Hakuna aliyecheka.

Octave akavua kitambaa cheusi kichwani mwa Berthe hapo hapo, kwa haraka, kama kinamchoma.

"Kilio kilisha," akasema kwa ule ulimi wake. "Bale bantu bako ba kufa banakunywa kuliko sisi. Kaa na nyumba yako, mama. Minye sirudi."

Na hakurudi.

Berthe anaishi pale mpaka leo, kichwa wazi. Ila kuna mmoja aliyetembea kurudi toka gare mikono mifukoni. Théophile alikuwa ametoa zote isipokuwa moja, ile aliyowekea mafuta ya mawese jikoni. Alisema moyoni chupa moja haimpunguzii mzee kitu. Jioni akakuta mafuta yamekwisha na mdomo wa chupa umelowa. Akaipeleka gare, akaijaza maji, akaiacha quai. Aliporudi ilikuwa kwenye kabati, tupu, inamngoja.

Siku hizi midomo yake imepasuka na anakunywa beseni zima kiu isikatike. Mchana, barabara ikiwa imetulia, utamwona anapita mlango kwa mlango kama ile siku ya mkokoteni, lakini ile sauti ya kuita mbuzi imekauka, anaomba kwa mkono. Anaomba chupa. Moja tu, ya kutia maji, isiyo na ule msalaba. Na watu wa avenue, wakarimu wale wale, wanasimama mlangoni, wanaziba pua kwa kiganja, na kila mmoja anamjibu polepole kwamba zilishaka kwisha.