Simu ya Saa Saba

Saa tatu asubuhi.

Mpango ulipangwa nyuma ya duka la dobi, katikati ya nguo za watu. Suruali zilining'inia juu ya vichwa vyao, kila moja na kikaratasi cha namba kiunoni. Joto la pasi, harufu ya sabuni. Watu wanne, kompyuta moja, na meza ya kupigia pasi iliyogeuzwa kuwa meza ya kikao. Bunduki hakuna, panga hakuna. Hawa hawakuwa watu wa kuvunja milango kwa mawe. Hawa walivunja kwa maneno.

Mkubwa wao ni dobi mwenyewe, wakimwita Hakimu, kwa sababu hakuiba kitu kabla ya kutoa hukumu.

"Tovuti ya ushauri," alisema. "Mtu ana mzigo moyoni, anafungua, anamwandikia mshauri. Ndoa, ulevi, maradhi, mambo ya chumbani. Wamejazana humo maelfu. Na wenye tovuti wanawaahidi kwamba siri zao ziko salama. Salama gani? Kidole, hebu waambie."

Kidole, mtu wa kompyuta, hakuinua uso. "Neno la siri la mfanyakazi wao ninalo. Mjinga yule analitumia hilo hilo kila mahali. Limebaki kufuli moja. Ukitaka kuingia, tarakimu sita zinatumwa kwenye simu ya ofisi, kwa aliye zamu. Tusipozipata tarakimu hizo, tumebaki barazani."

"Tutazipata," alisema Hakimu. "Fundi wao mkuu hutoka kwenda kula mchana. Mrefu atakuwa nje ya jengo, akimwona katoka anatuambia. Simu ya zamu inabaki kwa msichana wa mapokezi, peke yake. Hapo anaingia Sauti."

Wote wakamgeukia mwanamke aliyekaa juu ya kapu la mashuka machafu. Sauti hakuwa na sura ya kutisha. Ukipishana naye barabarani humkumbuki. Lakini akikupigia simu, basi tena. Ungempa funguo za nyumba yako, halafu ukamshukuru kwa kuzipokea.

"Halafu tukishazipata siri za watu?" aliuliza.

"Tunawaonyesha wenye kampuni kwamba tuliingia. Wanatulipa tunyamaze. Imeisha."

"Hazitoki hadharani."

"Hazitoki."

"Niapie, shemeji."

Mrefu, dereva, aliacha kutafuna kijiti chake. Hakimu alikuwa shemeji yake Sauti kweli, si wa kuitana mitaani. Alimwoa dada yake. Dada alipofariki, ndugu walitawanyika na vyombo, huyu akabaki na Sauti, binti wa watu, akamlisha, akamsomesha mpaka akamaliza. Mtu wa namna hiyo humwambii mbele ya watu kwamba humwamini. Leo Sauti alimwambia.

"Naapa kwa kaburi la dada yako," alisema Hakimu. "Umeridhika?"

"Nimeridhika," alisema Sauti. Alikuwa anadanganya.

Saa tano.

Sheria yao ilikuwa moja. Kila kazi na simu yake. Kazi ikiisha, wanakutana chumba hiki hiki, kila mtu anaweka simu yake mezani, Hakimu anaiponda kwa pasi ya mkaa, laini inakatwa kwa mkasi wa vifungo. Vumbi lake linafagiwa pamoja na nyuzi. Ndiyo maana walikuwa bado wanalala makwao.

Kazi iliyopita, Sauti alitoa simu nyingine ikapondwa. Ile yenyewe ilikuwa ndani ya mkoba wake, chini kabisa, imefungwa kwenye soksi. Asubuhi anaichaji, anaizima mlio, anairudisha kwenye soksi. Alikuwa anamngoja mtu apige aseme yu mzima.

Kazi hiyo iliyopita ilikuwa tovuti ya kliniki, majibu ya vipimo. Kazi ya Sauti ilikuwa kuwapigia wenye majibu, mmoja mmoja, awaambie walipe la sivyo yatabandikwa kwa dunia nzima. Wengine walimtukana. Wengine walilia. Mmoja, dereva wa basi la shule, hakufanya hata kimoja. Alimwita mwanangu. Alipiga mwenyewe saa saba mchana, wakati wa mapumziko yake, akiwa ndani ya basi tupu.

"Mwanangu, nipe mpaka Ijumaa," alisema. "Ijumaa tu."

Sauti akampa. Akamwambia Hakimu, na Hakimu akasema sawa. Alhamisi asubuhi majibu yote yalikuwa hadharani, na kufika mchana wazazi walikuwa wamejaa kwenye lango la shule wakipiga kelele kwamba mgonjwa yule asiwaguse watoto wao. Jioni walimkuta ndani ya basi lake. Milango ilikuwa imefungwa kwa ndani.

Tangu siku hiyo, ikifika saa saba, simu ya kwenye soksi inatetemeka. Namba ni ile ile ya marehemu. Haipigi mara mbili. Inaita mpaka inachoka, inanyamaza, kesho tena. Sauti alikuwa na akili zake, alijua maiti hapigi simu. Hata hivyo, hakuthubutu kuipokea.

Saa sita kasorobo.

Dukani mbele, mteja aliingia. Sauti alimwona kwa upenyo wa pazia, mwanamke mwenye haraka. Hakimu alimpa gauni lake, halafu akafungua droo akatoa bahasha.

"Hii ilikuwa mfukoni, mama."

Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwanamke alibadilika rangi. "Umeisoma?"

"Ya nini nisome? Imekunjwa na wewe, kaifungue wewe."

Mwanamke aliondoka huku ameikumbatia bahasha ile. Hakimu hakuwa anaigiza. Miaka yote ya duka lile, kilichokutwa mfukoni kilirudi, awe ni mwenye gari au mbeba mizigo, na msaidizi aliyewahi kufunua barua ya mteja alifukuzwa siku hiyo hiyo.

Hakimu alipopita pazia, Sauti alikuwa amesimama. "Yule umemrudishia bila kusoma."

"Kanikabidhi."

"Na hawa wa tovuti?"

"Hawa hawakunikabidhi mimi. Wamemkabidhi mzembe. Nani kaacha mlango wazi, mimi? Mimi nawaonyesha tu watu kwamba mlango uko wazi. Siku moja watanishukuru."

"Dereva wa basi angekushukuru?"

Hakimu alichukua shati la mtu, akalitandika, akaanza kupiga pasi. Alipiga kola mara tatu, na kola ilikuwa imenyooka tangu mara ya kwanza. "Sikumfunga mimi ndani ya basi," alisema. "Nenda kakae na Kidole. Mchana umefika."

Saa saba kasoro dakika kumi.

Simu kutoka kwa Mrefu iliita mara moja ikakatika. Fundi mkuu katoka.

Kidole alikunja mikono ya shati, macho yanamng'aa. Alikuwa kama mtu aliyeandaliwa sahani. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na ukurasa wa kuingilia, na pembeni yake ukurasa mwingine, mweusi, wenye saa inayohesabu kurudi nyuma. Sauti aliuona.

"Hicho nini?"

"Kipi?"

"Hicho chenye saa."

"Aa, huko ndiko mambo yao yanakomwagwa. Yakishaingia kwangu tu, yanatoka hapo yenyewe, jina kwa jina, neno kwa neno." Akacheka. "Kwani shemeji yako hakukuambia? Aliyetupa kazi ni kampuni nyingine ya ushauri. Hataki hawa watishwe, anataka tovuti yao ife. Nani atarudi kuwaandikia, na mambo yake ya chumbani anasoma jirani?"

Kutoka mbele Sauti alisikia mvuke wa pasi, na Hakimu akimwambia mteja kwamba madoa ya mafuta hayana shida, aje kesho. Ilikuwa sauti ile ile ya upole. Kwa sauti ile alikuwa ameapa kwa kaburi.

"Piga," alisema Kidole. "Muda ndio huu."

Akapiga. Mdomo ulifanya kazi yake, umezoea. Alijitia ni wa kitengo cha ufundi. Kuna watu wanajaribu kuingia kwenye mitambo sasa hivi, mdogo wangu, na fundi mkuu hapokei simu. Tarakimu zitakuja hapo kwenye simu ya zamu, unisomee nifunge mlango upesi.

"Jamani, dada!" Msichana wa mapokezi alikuwa karibu kulia. "Ndiyo wiki yangu ya kwanza peke yangu. Ngoja... ngoja, zimekuja."

"Taratibu. Vuta pumzi. Moja moja."

"Nne," alisema msichana. Kidole akabonyeza. "Tisa. Moja. Moja tena." Akasita. "Dada, lakini mambo ya hawa watu yatakuwa salama? Maana wanatuamini. Kuna mtu katuandikia leo asubuhi, kasema sisi tu ndio tunajua. Watu wote duniani, sisi tu."

Zilibaki mbili.

Na mkoba ukaanza kutetemeka.

Saa saba kamili.

Simu ya kwenye soksi ilitikisa mkoba, na mkoba ukagonga mguu wa meza, grr, grr, grr. Kidole alitoa macho. "Hiyo nini? Una simu gani wewe?"

"Dada?" alisema msichana. "Nimalizie?"

Kidole alikuwa anamwashiria kwa mikono yote miwili, mwambie, mwambie! Sauti aliutazama ukurasa mweusi. Akilini alimwona mzee wa watu ndani ya basi tupu, viti vidogo nyuma yake, akiomba siku moja. Moyo ulimpasuka pale pale, wala hakuuzuia.

"Usimalizie," alisema.

"Eeh?"

"Usinisomee hata moja. Mimi mwizi, mdogo wangu. Mkimbilie fundi wako, mwambie neno la siri limeibwa. Kata simu. Kata!"

Kibao cha Kidole kilimwangusha juu ya kapu la mashuka. Kidole akarudi kwenye kompyuta, akabahatisha tarakimu mbili, zikakataa. Akabahatisha tena, zikakataa. Halafu ukurasa ukamfungia nje. Alitukana tusi moja refu. Alikunja kompyuta kwapani akatokea mlango wa uani, wala hakugeuka kumtazama mtu.

Mkoba ulikuwa bado unatetemeka. Sauti, damu mdomoni, aliivua simu soksi kama anamvua mtoto. Akabonyeza.

Mtu alikuwa anapumua upande wa pili, mtu aliyezoea kutojibiwa.

"Nani wewe?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya mtu mzima. "Namba hii ndiyo ya mwisho aliyoipigia mume wangu. Napiga kila siku kwa simu yake, saa zake. Nani wewe?"

"Ni mimi niliyemtisha," alisema Sauti. "Mimi ndiye niliyekuwa nataka alipe."

Alingoja matusi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi siku zote hizi, angeyapokea kwa mikono miwili. Hayakuja.

"Alisema nini?"

"Aliomba mpaka Ijumaa."

"Ijumaa kuna nini?"

"Alitaka akwambie mwenyewe, mama. Alisema Ijumaa huwa mnakaa wawili, watoto wameenda kwa bibi yao. Alisema usisikie mitaani. Nilimpa hiyo Ijumaa. Hawakuingoja."

Mbele, pasi ya Hakimu ilikuwa imenyamaza.

"Nilikuwa najua," alisema mjane. "Dawa zake nilizikuta kwenye koti kabla hata mwaka jana haujaisha. Nikazirudisha pale pale. Nikasema ataniambia akiwa tayari. Nilikuwa namngoja, mwanangu. Nilikuwa namngoja tu."

Sauti aliinama mpaka paji la uso likagusa mashuka machafu ya watu. Alilia bila kuficha, makamasi na damu, simu sikioni.

Pazia lilifunguka. Hakimu alisimama pale na aproni yake. Alitazama meza tupu, mlango wa uani ulioachwa wazi, simu aliyodhani aliiponda kwa mkono wake. Alielewa yote kwa mpigo. Nje, honi ya Mrefu, aliyekwisha rudi na gari, ililia mara mbili, ikakatika, ikalia tena.

"Inuka," alisema Hakimu. "Watafuatilia namba uliyowapigia. Nafasi bado ipo. Inuka twende, shemeji."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, maana hata sasa alikuwa anataka kumwokoa.

"Nenda wewe."

"Nimekulea mimi."

"Umenilea. Ndiyo maana sijamtajia huyu mama jina lako. Nenda."

Hakimu alivua aproni, akaitundika kwenye msumari wake. Akatoka. Sauti alisikia droo ya mbele ikifunguliwa, na karatasi zikichakurwa. Alidhani anachukua fedha. Baadaye polisi walizikuta bahasha zote zimepangwa juu ya kaunta, kila moja na namba yake, hakuna hata moja iliyofunguliwa.

Gari liling'oka. Duka likabaki na nguo na mwanamke mmoja.

"Bado upo?" alisema mjane.

"Nipo."

"Uko wapi? Nataka nikuone uso. Polisi watakuja wakati wao, mimi nataka nikuone kwanza."

Sauti alimtajia mtaa. Alimtajia duka la dobi, lililo kona, lenye mlango wa bluu. Akasikia mlango wa nyumba ukifungwa kule, na viatu kwenye kokoto. Mahali fulani mbali, king'ora kilianza.

"Usikate," alisema mjane, anahema, anatembea. "Mume wangu alikata. Wewe usikate."

"Sikati, mama," alisema Sauti, akakaa sakafuni chini ya suruali za watu, akaishika simu kwa mikono miwili.