Saa Iliyomla Kondoo wa Posa

Kwa maneno ya Mama Kathuri, jirani yetu hapa Githongo, Kinyua, mchumba wangu, alimuuza kondoo wangu wa posa soko la Ruiri, akaenda moja kwa moja kwa pombe, akawanunulia wanawake wawili, na mmoja wao alikuwa na rinda jekundu.

— Nimeona na macho yangu haya, alimwambia baba, ameshaketi kabla ya kukaribishwa. Ni yule wa sikio jeupe. Wa posa ya huyu Mukiri wako!

— Ulimwona akiuza ama akinywa? baba aliuliza.

— Akiuza. Kunywa nimeambiwa. Lakini kwani mwanaume anauza kondoo wa posa anunue nini? Biblia?

Kwa ukoo wetu, kondoo jike akishaonyeshwa wazee kwamba ni wa msichana fulani, hauzwi, hachinjwi. Ukimuuza, umesema mbele ya watu kwamba huyo msichana humtaki tena.

— Basi Jumamosi asali waliyotuletea ya posa irudi kwao, baba alisema. Huyo kijana asikanyage hapa.

Mimi nilikuwa mlangoni nikichambua maharagwe. Kile Kinyua alinunua kilikuwa ndani ya debe la unga, hatua tatu kutoka kwa kiti cha baba.

Ilianzia kwa kwaya, mwaka huo wa tisini na sita. Mchumba wa Lorna, mwenzangu wa kwaya, alimletea kutoka Nairobi saa ya namba, zile hazina mishale, zinawaka taa ya kijani na kuimba. Kanisani kuna saa kubwa ukutani, hata aliye nyuma kabisa anaiona. Lakini kila mtu alikuwa anamuuliza Lorna. "Lorna, saa ngapi?" Naye anakunja mkono wa sweta polepole, kama mtu anafungua kabati la vikombe vya wageni.

Siku moja Kinyua alinisindikiza tukitoka kupeleka kahawa kiwandani.

— Kondoo wako amenona, aliniambia. Siku hizi nikimwita Mukiri anageuka.

— Wenzangu wananunuliwa saa, mimi kondoo anaitwa jina langu?

— Saa kama ile mimi nitaitoa wapi, Mukiri?

— Basi wacha mkono wangu. Mkono mtupu unaushikia nini?

Akauacha. Aliuacha vizuri, kama mtu anaweka yai chini.

Baada ya wiki mbili alinipa kitu kimefungwa na gazeti. Kwa sweta yake kulikuwa na manyoya ya kondoo, mengi, kama ya mtu aliyembeba mnyama akiwa amemkumbatia. Niliyaona. Mimi huona vitu. Sikuuliza.

Jumapili watu wanane waliniuliza saa, na wote niliwajibu. Nyumbani nilisema Lorna ameniazima, kisha nikasema nimemrudishia, nikaificha kwa debe la unga.

Kisha Mama Kathuri akaja na habari yake. Ijumaa nilienda soko la Gakoromone, nikampata Kinyua akipakua kabichi.

— Kwa nini huwaambii ukweli? Wanasema wewe ni mlevi!

— Nikisema, watakucheka wewe.

— Basi nikuletee ile saa, uirudishe dukani.

— Hawarudishi. Na kondoo alishachinjwa, Mukiri.

Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana.

— Mama yako anasemaje?

— Haongei na mimi. Anaenda tu kuangalia ile kamba kondoo alikuwa amefungwa nayo.

Akainua gunia lingine. Nilirudi nyumbani bila kununua chumvi niliyotumwa.

Jumamosi asubuhi baba alivaa koti lake la kanisa, akachukua kile kibuyu cha asali. Mama Kathuri alikuwa ameshafika, na leso mpya, tayari kumsindikiza.

— Baba, ngoja kidogo.

Niliingiza mkono kwa debe. Saa ilitoka nyeupe kwa unga.

— Yule kondoo ni hii.

— Ai! Mama Kathuri alicheka. Msichana amechanganyikiwa na aibu.

— Ni mimi nilimsukuma Kinyua amuuze. Hakunywa. Hakukuwa na rinda jekundu. Na Lorna hakuniazima chochote.

Mama Kathuri akaanza kufunga leso yake upya, na haikuwa imefunguka.

Baba aliichukua, akaipuliza unga.

— Inafanya nini?

— Inaonyesha saa, baba.

— Na ile ya kanisani?

— Pia inaonyesha saa.

— Sasa hii ni ya nini?

— Ni ya kuulizwa.

Akaigeuza upande wa pili.

— Kijana wa watu amefuga miaka miwili, alisema. Na juzi akiitwa mlevi hapa, wewe ulikuwa wapi?

— Nilikuwa hapo mlangoni.

— Ukifanya nini?

— Nikichambua maharagwe.

Machozi yalinitoka, lakini sikuyapangusa. Sikutaka yanisaidie.

— Baba, naomba asali ibaki. Kinyua aje hivyo hivyo, mikono mitupu. Nitangoja kondoo mwingine azaliwe, akue. Mimi najua kungoja.

Saa ikaanza kuimba kwa kiganja chake. Hakujua mahali pa kufinya, na mimi sikumwonyesha. Iliimba mpaka ikamaliza yenyewe. Baba alikuwa bado amesimama mlangoni, kibuyu mkono huu, saa mkono ule.

— Baba? nilisema. Asali ibaki?