Kitufe cha Kufuta

Fundi alipiga picha ya cherehani yake, na kwenye picha ile kiti cha cherehani kilikuwa na mtu.

Alitazama kiti. Kitupu. Akatazama tena kioo kidogo cha nyuma ya kamera: msichana ameketi, amempa mgongo, amevaa gauni la buluu. Gauni hilo fundi alimshonea mwanawe wa pekee, na mwanawe alikuwa kaburini mwezi wa pili sasa.

Walimwita Chiriku kwa wingi wa maneno. Alitaka kuwa mpiga picha, akaanza na vifaa vya mwanafunzi: kamera ndogo ya kidijitali, lenzi moja, stendi yenye mguu mmoja uliolegea, na kadi moja ya kuhifadhia picha. Homa ilimchukua kabla hajajua hata kupima mwanga. Mama yake akaamua kujifunza badala yake, aone alichokuwa akikiona mtoto.

Kwa hiyo hakupiga kelele. Alikaza mguu wa stendi, akapiga nyingine. Msichana alikuwa amegeuza shingo.

Siku ya nne alikuwa amesimama. Siku ya sita amefika katikati ya chumba, akitabasamu. Chumba kilianza kunuka nywele zilizolowa, na mchana kweupe kamera ililia yenyewe, cha, cha, hakuna aliyeigusa. Nguo za wateja zilirundikana. Fundi alipiga picha tangu asubuhi mpaka mwanga uishe, maana kwake ule haukuwa uchawi, ulikuwa ni mtoto anayerudi nyumbani polepole.

Mdogo wake alipokuja kumjulia hali, alishtuka mlangoni.

"Dada, umekwisha. Umekula lini?"

"Njoo umwone Chiriku," fundi alinong'ona.

Mdogo mtu akaishika kamera kwa muda mrefu. Kisha, kwa sauti ya chini: "Kidoti chake kilikuwa shavu gani?"

"La kushoto."

"Huyu kiko la kulia, dada."

Wakarudi nyuma, picha baada ya picha, wakavuka za karibuni, wakafika zile ambazo Chiriku mwenyewe alijipiga akijifunza, amesimama mbele ya kioo cha kabati na kamera kifuani, na kwa kuwa kioo hugeuza kushoto kuwa kulia, kidoti kilikuwa kulia katika kila moja, na ndipo fundi alipoelewa, huku ile harufu ikimjia kwa nyuma na kitu kama pumzi kikimgusa kisogoni, kwamba anayemsogelea siku zote hizo hakuwahi kumwona mwanawe akiwa hai.

Mdogo wake alimleta mganga, mama mtu mzima asiye na makuu. Alinusa chumba, akakaa.

"Ni jini. Limejilaza humo kwenye picha, na sura limeiokota humo humo; sauti yake litaichota kwenye kumbukumbu zako. Likikufikia, utakwenda nalo. Futa zote."

"Hizi mpya?"

"Zote."

"Za mwanangu sina nyingine. Basi nizihamishe kwanza."

"Ukizihamisha nalo litahama." Mganga akamshika goti. "Pole, mwanangu. Pole yenyewe najua haitoshi."

Fundi alizipitia mara moja ya mwisho. Chiriku kafumba jicho. Chiriku kakata utosi wake mwenyewe kwenye picha, anacheka. Mganga alianza kusoma dua. Kamera ikauliza: Futa zote?

Kiti cha cherehani kikalia, kama mtu anainuka.

"Mama," sauti ikasema. Ilikuwa sauti yake hasa, ile ya siku za homa. "Mama, usinifute. Nimekukosea nini?"

Mdogo mtu alijiziba masikio. Fundi hakujiziba. Alisikiliza, machozi yakimdondokea mikononi, na sauti ikimwita tena na tena kwa jina ambalo Chiriku alimwita utotoni, na ambalo hakuna mwingine aliyelijua.

Akabonyeza.

Sauti ilikatika katikati ya neno. Harufu ikaondoka. Kamera ikaandika kwamba hakuna picha.

Mdogo wake akafungua dirisha, akauliza taratibu, "Ameondoka?"

"Wote wawili," fundi akasema.