Leso ya Rangi ya Asali

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa chai, Bhoke alimkama ng'ombe wake. Ng'ombe huyo aliitwa Asali kwa sababu rangi yake ilikuwa ya asali mbichi. Hakuwa na doa wala baka. Bhoke aliongea naye akimkama, na Asali alisimama kimya akitafuna. Majirani waliopita walicheka tu.

Walikuwa na sababu nyingine ya kucheka. Marehemu mume wa Bhoke aliwahi kumnunulia leso ya rangi ile ile ya ng'ombe. Siku aliyoileta alisema, "Sasa nimewavalisha wake zangu wawili sare." Bhoke alinuna mpaka jioni, kisha akacheka mpaka akatoa machozi. Mwaka uliofuata mume alifariki. Alimwachia leso, ng'ombe wachache, na mwana mmoja aitwaye Levis. Maziwa ya Asali ndiyo yaliyonunua unga, chumvi na sabuni.

Levis alikuwa kijana mkubwa sasa, na alitaka kazi ya kupiga picha. Mwaka huo wa 1999, kamera za dijitali zilikuwa zimeanza kuonekana mjini Migori. Hazikutumia filamu. Ukipiga picha, unaiona hapo hapo kwenye kioo kidogo nyuma ya kamera.

"Mama, watu watapenda sana," alisema Levis. "Ubatizo, harusi, kila kitu."

"Tuna fahali mmoja wa kuuza," Bhoke alimwambia. "Ukikosea, hakuna wa pili."

Walimuuza fahali, wakaenda Migori kwa Fanuel, muuzaji wa vitu vya mitumba. Fanuel alikuwa na kamera tatu. Aliweka nyanya mezani, akaipiga picha kwa kila kamera. Katika kamera ya kwanza nyanya ilikuwa nyanya tu. Katika ya pili ilipauka. Katika ya tatu, iliyong'aa kama sahani mpya, nyanya iliwaka wekundu mpaka mate yakamjaa Bhoke mdomoni.

"Hiyo," alisema Bhoke.

Fanuel alicheka, akamgeukia Levis. "Omera, ndugu yangu, mama yako ana macho. Kizuri chajiuza."

Basi wakanunua kizuri. Hakuna aliyeangalia nyanya yenyewe iliyokuwa pale mezani.

Picha ya kwanza ya Levis ilikuwa ya mama yake na Asali. Bhoke alijifunga leso yake, akasimama kando ya ng'ombe, mkono mgongoni mwake. Levis alirudi Migori, Fanuel akaichapisha kwa kompyuta. Kwenye karatasi, Asali alikuwa mwekundu kama tofali lililochomwa.

"Kumbe Asali ni mrembo hivi," alisema Bhoke, akaitundika picha ukutani.

Haukupita muda mrefu, Asali akaibiwa malishoni. Bhoke alitafuta mpaka miguu ikavimba. Asubuhi aliamka mapema kama kawaida, akachukua kibuyu cha maziwa, halafu akakumbuka na kukirudisha. Nyumbani walikunywa chai ya rangi. Bhoke hakulalamika, lakini chakula kilimshinda.

Siku ya soko la mifugo Ogwedhi, Levis alimwona Asali. Alikuwa kati ya ng'ombe wa Maxwell, mfanyabiashara wa Oyugis, wakingoja kupakiwa kwenye lori. Levis alimwita mama yake. Bhoke alikuja mbio, akamshika ng'ombe shingoni, akalia waziwazi mbele ya watu.

"Mama, pole," alisema Maxwell. Hakuwa mtu mbaya. "Lakini huyu nimemnunua na pesa yangu. Dalali ndiye aliniletea. Ng'ombe wa rangi hii si wako hapa wengi?"

Waliitwa wazee wa soko. Mwenyekiti wao, Mzee Mirumbe, alikagua sikio la ng'ombe. Ncha yake ilikuwa imekatwa upya. Alama ya boma la Bhoke haikuwepo tena.

"Nikimwita anakuja," alisema Bhoke.

"Hata mimi nikishika chumvi atakuja," Mzee Mirumbe alijibu kwa upole. "Mko na kitu kingine?"

Levis alipanda baiskeli, akaenda nyumbani na kurudi na ile picha. Mzee aliishika karibu na macho. Alimtazama ng'ombe, akaitazama picha, akamtazama ng'ombe tena.

"Pembe ni zile zile," alisema. "Hii ya kushoto imeinama vivyo hivyo. Lakini ng'ombe wa picha ni mwekundu. Huyu si mwekundu. Kwetu mtu hawezi kukosea rangi ya ng'ombe wake. Nikimtoa huyu kwa picha hii, kesho kila mtu ataniletea picha."

Ile picha Bhoke aliyoipenda ndiyo iliyokuwa inamnyang'anya Asali. Na kamera aliichagua yeye mwenyewe, kwa kidole chake.

Karibu na hapo palikuwa na mpiga picha kutoka Migori, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika mbali, jina lake Nyasuguta. Kila siku ya soko alifunga turubai, akapiga watu picha. Alikuwa amesogea kusikiliza, kama watu wote.

"Mzee, nikubalie niione hiyo picha," alisema. Aliitazama, kisha akamgeukia Bhoke. "Mama, hii leso ya kwenye picha iko wapi?"

"Ni hii nimejifunga."

"Hii? Si ya kwenye picha ni nyekundu?"

"Sina nyingine ya maua haya. Alininunulia marehemu."

Nyasuguta akatabasamu. "Basi ifungue, mama. Uiweke juu ya ng'ombe."

Bhoke alibaki na gauni lake, akaitandaza leso mgongoni mwa Asali. Watu wakasogea karibu. Leso na ng'ombe vilikuwa vya rangi moja, asali juu ya asali.

"Sasa rudini kwenye picha," alisema Nyasuguta. "Leso imekuwa nyekundu, ng'ombe amekuwa mwekundu. Maua ya leso ni yale yale. Kamera imedanganya kuhusu leso, na kuhusu ng'ombe vivyo hivyo. Ondoeni ule uongo, mnabaki na nini?"

Mzee Mirumbe alilinganisha maua, moja moja, bila haraka. Kisha akalinganisha pembe. Mwishowe akamkabidhi Bhoke kamba ya ng'ombe.

"Mpeleke nyumbani," alisema. "Na huyo dalali aitwe. Pesa ya Maxwell itarudi."

Maxwell mwenyewe alikubali. "Hata mimi sitaki maziwa ya mwenye kulia," alisema.

Bhoke alimshika Nyasuguta mikono yote miwili. "Asante, mama," alisema. "Mungu akuzidishie. Kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Nishukuru ukishabadilisha hiyo kamera," Nyasuguta alijibu. "Njooni kesho kwangu. Na mniletee maziwa kidogo kwa chupa."

Bhoke alidhani maziwa ni ya chai. Kesho yake Nyasuguta aliyamimina kwenye kikombe cheupe, akakiweka juani pamoja na leso, akamwambia Levis apige.

"Kwanza tujue kama mkosaji ni wewe ama ni kamera," alisema. Aligeuza kamera kwenye alama ya jua, kwa sababu kamera nyingine hutaka kuambiwa kama uko nje au chini ya taa. Picha ikatoka nyekundu tena. Waliiona kwenye kioo na kwenye kompyuta pia, kwa hivyo kosa halikuwa la karatasi. "Umeona maziwa? Yamekuwa kama chai. Wewe huna makosa."

"Lakini Fanuel alisema hii iko na namba kubwa ya pikseli kushinda zingine," alisema Levis.

"Namba inakuambia ukubwa wa picha. Haikuambii ukweli wa rangi. Ukienda kununua, beba kitu unachokijua. Kitu cheupe, kitu cha rangi, na uso wako mwenyewe. Piga juani, piga kivulini, piga ndani chini ya taa. Halafu usiangalie picha peke yake. Iweke karibu na kitu chenyewe."

Bhoke aliguna. "Mimi nilichagua ile nyanya nzuri."

"Wengi tunachagua hivyo, mama. Picha inayokusifu si lazima ikujue."

Wakarudi kwa Fanuel na leso na chupa ya maziwa. Fanuel alidhani wamemletea zawadi. Alipoona maziwa yanawekwa mlangoni na kupigwa picha, alishika kichwa. Lakini alipoiona kamera yake ikiyafanya mekundu, aliinama kuitazama vizuri, maana hata yeye alikuwa hajui.

Walizijaribu zile mbili zilizobaki. Moja ilipausha kila kitu. Ile nyingine ilikuwa nzito, kuukuu, imekwaruzwa pembeni. Ndani yake maziwa yalikuwa meupe, leso ilikuwa ya asali, na uso wa Levis ulikuwa mweusi wa Levis, macho na mashavu yakionekana. Chini ya taa rangi ilibadilika kidogo, lakini Levis alipoiweka kwenye alama ya taa, ikarudi. Bei yake ilikuwa chini ya ile waliyonunua mwanzo. Fanuel alibadilishana nao, akafidia tofauti kwa betri za kuchaji na chaja yake, akaomba radhi.

"Na maziwa je?" aliuliza.

"Kunywa," alisema Bhoke. "Yamemaliza kazi."

Siku hizi Levis ana kazi. Anapiga picha za harusi na ubatizo, na wafugaji wanamwita wapigiwe ng'ombe wao. Kila picha ya ng'ombe ina leso ya mwenye boma mgongoni. Mzee Mirumbe mwenyewe alikuwa wa kwanza kumwita. Na kila siku ya soko, Bhoke humpelekea Nyasuguta chupa ya maziwa, hata mvua ikinyesha.

Picha nyekundu iliondolewa ukutani. Levis alimpiga mama yake picha nyingine, mahali pale pale, mkono mgongoni mwa Asali. Bhoke aliishika kwa muda mrefu. Mikunjo ya uso wake ilionekana yote, na Asali alikuwa ng'ombe wa kawaida mwenye sikio lililokatwa.

"Mama, hujaipenda?" aliuliza Levis.

"Nimeipenda," alisema Bhoke, akajifuta macho kwa pindo la leso. "Baba yako akituona hapa, atawajua wake zake wote wawili."